Uzi: Niko Oyugis, Kisumu iko mbele na Kisii iko mgongoni. Antena moja, mbili, au niendelee kuzungusha mlingoti?

JaRachuonyo
Wakuu, hamjambo. Tumehamia nyumba mpya nje kidogo ya Oyugis, upande wa barabara ya Kosele. Televisheni yangu ina dikoda ndani kwa ndani, ile ya DVB-T2 (mfumo wa TV ya dijitali ya antena), na sitaki habari ya kulipia kila mwezi. Nikielekeza antena Kisumu napata stesheni kadhaa. Nikiigeuza Kisii zinakuja nyingine, na za kwanza zinaanza kukatika vipande vipande au zinapotea kabisa. Mama anataka habari zake za Kijaluo jioni. Mke wangu ni wa Kisii, naye ana zake. Mimi mpira tu. Sasa kila jioni kijana anatumwa nje kuzungusha mlingoti huku mtu akipiga kelele dirishani, "Hapo hapo! Umepitisha! Rudi!"

Duka moja hapa mjini wameniambia ninunue antena ya pili, niziunganishe kwa spilita (kigawanya kebo), kebo moja iingie ndani, kazi kwisha. Fundi mwingine ananiambia hiyo ni kuchoma pesa. Nani anasema ukweli?

Fundi_Kondele
Wote wawili, kila mmoja nusu.

Kabla hujatoa shilingi, hakikisha kwanza kwamba unahitaji pande mbili. Stesheni za hapa hazijirushi zenyewe kila moja kwa mlingoti wake kama zamani za analogi. Zinabebwa na wasambazaji wachache: Signet ya KBC, Pang, na ADN ambayo ilianzishwa na zile kampuni tatu kubwa za habari. Kila msambazaji anafunga stesheni nyingi kwenye furushi moja, yaani maltipleksi, analirusha kwenye chaneli moja ya UHF (masafa ya TV), na furushi hilohilo mara nyingi lipo miji yote miwili. Kwa hiyo stesheni unayodhani ni "ya Kisii" huenda iko Kisumu pia, ila hiyo maltipleksi inakufikia dhaifu. Hapo dawa ni kuboresha antena ya Kisumu. Ya pili ya nini?

Fanya hivi. Elekeza Kisumu, fungua kila stesheni, bonyeza kitufe cha maelezo kwenye rimoti. Andika namba ya chaneli au masafa, kisha nguvu, kisha ubora. Geuza Kisii, rudia. Ukiona masafa tu bila namba, hesabu ni rahisi: chaneli 21 katikati yake ni 474 MHz, na kila chaneli inaongeza 8. Ya 30 inakuwa 546. Mwisho wa TV ni chaneli ya 48, 690 MHz. Kuanzia 694 kwenda juu ni eneo la simu sasa.

Ukileta hiyo orodha tutaongea lugha moja.

Nyar_Kendu
Mimi nilidhani mtaanza kwa kumuuliza ana antena gani. Watu huku wanauziwa vijiti vya mezani vyenye taa ya bluu wakiambiwa ni "antena ya dijitali" 😂

Fundi_Kondele
@Nyar_Kendu hapo umegonga. Antena haijui kama mawimbi ni ya dijitali au ya analogi. Kama ni ya UHF na inashika 470 mpaka 694, inafaa, hata ikiwa ni ile ya mzee iliyokaa kwenye paa tangu kabla ya analogi kuzimwa 2015. Neno "dijitali" kwenye katoni liko pale kupandisha bei.

JaRachuonyo
Nimefanya kazi ya nyumbani. Antena ni Yagi ya kawaida, ile ya mifupa ya samaki, iko kwenye bomba juu ya paa la mabati. Namba za Kisumu na namba za Kisii ni tofauti, hazigongani hata moja. Na kweli, kuna stesheni zinajirudia pande zote. Ila bado kuna maltipleksi moja naipata nikigeukia Kisii tu, na ndiyo yenye zile za mke wangu. Za mama nazo ziko Kisumu tu. Kwa hiyo pande mbili nazihitaji, nyumba isije ikavunjika.

Kingine nimeona: nikielekeza Kisumu, ile ya Kisii haipotei kabisa. Nguvu inaonekana, ubora ndio unaruka, mara 40, mara sifuri.

Mwalimu_Mstaafu
Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote uliyoandika, ndugu yangu.

Angalia ramani. Oyugis na Kisii ni kama kilomita 20 kwa mstari wa ndege. Kisumu ni kama 45. Na miji hiyo miwili kwako imekaa karibu mstari mmoja, Kisumu kaskazini, Kisii kusini. Yagi hupokea sana kwa mbele, lakini mgongo wake haujazibwa. Kile kinachoingia nyuma hupunguzwa tu, na kwa antena za bei nafuu upunguzaji wenyewe si mkubwa. Kisii iko karibu, ina nguvu, ndiyo maana inapenya hata kwa mgongo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza kwa mtu aliye kati ya minara miwili: mbele umpe aliye mbali. Aliye karibu ataingia kwa nyuma. Wengi hufanya kinyume, wanaelekeza kwenye ile inayoonyesha asilimia kubwa, halafu wanahangaika na ya mbali mwaka mzima.

Sasa ubora wako unaruka. Maana yake umebakisha kidogo sana kufika. Picha ya dijitali haififii polepole ikajaa chenga kama enzi zile. Iko au haiko, na wewe umesimama pale ukingoni. Desibeli tatu tu (kipimo cha nguvu ya mawimbi; tatu ni kama mara mbili) zinaweza kukuvusha. Unazipata wapi bila kununua antena? Kwenye kebo. Una mita ngapi, na ni kebo gani?

JaRachuonyo
Mwalimu shikamoo. Kebo ni ile nyembamba nyeupe, nilikuta imebaki kwenye ujenzi. Kama mita 25 hivi. Imeungwa katikati kwa kusokota na selotepu.

Mwalimu_Mstaafu
Marahaba. Basi ugonjwa tumeuona. Kebo nyembamba ya aina ya RG59 kwa masafa haya hula karibu desibeli 7 kwa hizo mita 25, na kuna nyingine za bei ya chini kabisa ambazo hula zaidi kwa sababu wavu wake wa nje ni nyuzi za kuhesabu. RG6 nzuri ingekula 5 hivi. Fupisha njia ifike mita 15 na unabaki na 3. Hapo kwenye kiungo cha selotepu sina hesabu. Maji ya mvua yakishaingia huwezi kujua kimebaki nini.

RG6 ya ohmu 75, kipande kimoja bila kiungo, konekta za kukaza, na mpira wa kuzuia maji juu.

Kaka_Busta
Mbona mnamzungusha mtu? Aweke busta pale juu, achomeke, alale. Mimi nimewawekea watu kutoka Ahero mpaka Katito, hakuna aliyerudi kulalamika.

Fundi_Kondele
@Kaka_Busta Ahero mpaka Katito wote wanatazama upande mmoja, Kisumu. Huyu yuko katikati. Busta haichagui, inakuza kila kitu kinachoingia, pamoja na Kisii ya kilomita 20 na mlingoti wa simu ulio nyuma ya soko. Ikilemewa na hizo kubwa inaanza kuchafua mawimbi yenyewe, na ile dhaifu uliyotaka kuisaidia ndiyo inakufa ya kwanza. Dalili yake: nguvu inaonyesha 95, ubora sifuri. Ukiona hivyo usiongeze busta ya pili, ondoa hiyo ya kwanza.

Busta ina kazi yake halali, kufidia kebo ndefu. Iwe juu karibu na antena, si nyuma ya TV, kwa sababu ikiwa chini inakuza kilichokwisha kuharibika njiani. Na wengi husahau kwamba inahitaji umeme kupitia kebo hiyohiyo, ule wa volti 5 unaowashwa kwenye menyu ya dikoda. Wasipouwasha, busta inageuka kizuizi.

Kaka_Busta
Sawa fundi, nimekusikia. Lakini spilita na antena mbili basi kuna ubaya gani? Hilo bado hamjamjibu.

Mwalimu_Mstaafu
Ni swali la haki. Nitalijibu kwa urefu.

Ukichukua spilita ya njia mbili ukaitumia kinyumenyume kama kiunganishi, kila antena inapoteza desibeli 3 na nusu hivi, yaani zaidi ya nusu ya nguvu yake. Hiyo ni ada ya mlangoni, hata kabla ya ugomvi wowote. Kwa Kisii hutaihisi. Kwa Kisumu ndiyo inaweza kuwa tofauti ya kuona na kutoona.

Kisha kuna mwangwi. Mawimbi ya Kisumu yanaingia mbele ya antena ya Kisumu, na kidogo yanaingia mgongoni kwa antena ya Kisii. Yanakutana kwenye kiunganishi yakiwa yamepita njia zenye urefu tofauti. Kama antena zina mgongo mzuri, hiyo nakala ya pili ni ndogo mno na DVB-T2 haijali, imeundwa kuvumilia mwangwi. Shida huja kwa antena duni ambazo nyuma na mbele hazitofautiani sana. Nakala mbili zikikaribiana nguvu, kuna chaneli zitaongezeka na kuna chaneli zitafutana. Ndipo unasikia mtu anasema, "Niliunganisha, nikapata zote isipokuwa moja, sijui kwa nini."

Huyo wa "isipokuwa moja" ana dawa ya ajabu kidogo. Aongeze kebo ya shubiri moja upande wa antena mojawapo. Kwa chaneli za katikati ya UHF, sentimita 20 na kidogo za RG6 zinageuza wimbi juu chini. Zilizokuwa zinafutana zitaanza kusaidiana. Inawezekana nyingine nayo ikaharibika, basi unajaribu nusu shubiri.

Na hapa ndipo busta inapofanya ubaya mkubwa zaidi. Mtu anasema Kisumu ni dhaifu, basi niweke busta kwenye antena ya Kisumu peke yake, kabla ya kuunganisha. Inaonekana ni akili. Lakini ile Kisii inayovuja kwa mgongo wa antena hiyo nayo inakuzwa desibeli 20, inafika kwenye kiunganishi ikiwa na nguvu sawa na Kisii halali kutoka antena ya pili. Umejitengenezea mwangwi mkubwa kabisa kwa pesa yako mwenyewe. Kama lazima busta, iwe moja, baada ya kuunganisha.

Nyar_Kendu
Mwalimu hapo umenifungua macho. Kwa shemeji yangu Homa Bay iko hivyo hivyo, busta upande mmoja. Wanamlaumu mtengenezaji wa TV.

Binti_Mosocho
Nimewasoma kimya, sasa niseme. Mimi niko upande wa pili wa tatizo hili, karibu na Kisii, na nyumbani tulimaliza kwa antena moja isiyo na mgongo.

Mnajua zile antena bapa zenye V nne za waya kila upande na wavu wa chuma nyuma? Huo wavu kazi yake ni kuzuia nyuma na kurudisha kila kitu mbele. Ukiutoa, antena inapokea mbele na nyuma sawasawa, mchoro wake ukiwa kama namba 8. Ubavuni haisikii karibu chochote. Unapoteza nguvu kiasi, lakini hakuna kiunganishi, hakuna ada ya mlangoni, hakuna mwangwi wa antena mbili kwa sababu antena ni moja. Kwa mtu ambaye minara yake iko mgongo kwa mgongo kama wa Oyugis, imekaa kama imekatwa kwa kipimo chake.

Yetu kaka yangu aliiunda kwa mbao na waya wa shaba wa stima. Kila waya una sentimita 40, unaukunja katikati upate V ya mikono ya 20, ncha zikiachana kama upana wa kiganja. V zimefungwa juu kwenda chini zikiachana sentimita 22 hivi. Nyaya mbili zinazoziunganisha zinapishana kati ya ya kwanza na ya pili, na kati ya ya tatu na ya nne, bila kugusana pale zinapopishana. Katikati hazipishani, ndipo kebo inatoka kupitia kile kibadilishi kidogo cha ohmu 300 kwenda 75. Usikiruke hicho, duka lolote la vipuri vya TV wanacho.

Kaka_Busta
Waya wa stima kweli? Na kutu je?

Binti_Mosocho
Shaba haishiki kutu kama chuma, inageuka rangi tu. Kilichotusumbua ni ndege. Walipenda sana kutua kwenye V ya juu, ikapinda. Tuliiunda upya kwa waya mnene zaidi.

JaRachuonyo
Binti, na vijiti vilale au visimame? Naona majirani wengine vimelala, wengine vimesimama.

Fundi_Kondele
Fuata mnara, usifuate jirani mmoja. Wimbi hurushwa likiwa limelala au limesimama, na antena yako lazima ilingane. Ukikosea unaweza kupoteza mpaka desibeli 20, na hizo hazirudishwi na kitu. Njia ya haraka ni kulegeza boriti, kuizungusha robo duara, na kutazama ubora, siyo nguvu. Ukikuta Kisumu inataka hivi na Kisii inataka vile, antena moja haitoshi tena, ila antena mbili zitaacha kugombana kwa sababu kila moja ni kiziwi kwa ya mwenzake.

Nyar_Kendu
Hakuna mtu aliyetaja swichi. Kebo mbili mpaka ndani, kisanduku kidogo cha A na B nyuma ya TV, mama akitaka zake anasukuma huku, mke akitaka zake anasukuma kule. Hakuna fizikia.

Fundi_Kondele
Ni njia safi, na kwa upokeaji ndiyo bora kuliko zote kwa sababu hakuna kinachochanganywa. Ila mambo mawili. Usiuziwe swichi ya dishi, ile ya DiSEqC. Hiyo ni ya masafa ya 950 kwenda juu na inasubiri amri kutoka dikoda ya setilaiti, kwa UHF ni ukuta. Pili, usifanye utafutaji wa otomatiki ukishabadilisha upande, TV nyingi huondoa zile za upande wa kwanza kwenye orodha. Tafuta za Kisumu kwa otomatiki, kisha badilisha swichi uongeze za Kisii kwa utafutaji wa mkono, chaneli moja moja. Zitakaa zote kwenye orodha.

Mota ya kuzungusha antena ipo pia, lakini kwa nyumba yenye watu watatu wenye stesheni tatu, hiyo mota itachakaa mapema.

Mwalimu_Mstaafu
Kabla hajapanda juu: radi. Huku kwetu kati ya ziwa na milima ya Kisii si mahali pa mzaha, mawingu ya alasiri yanajulikana. Bomba la antena lifungwe waya mnene wa shaba ushuke wima, bila kona kali, mpaka kwenye nondo ya shaba iliyopigwa ardhini. Mvua ikianza kunguruma, chomoa kebo nyuma ya TV na uiweke mbali nayo. Waya wa ardhi unapunguza madhara, radi ikipiga moja kwa moja hauwezi kuizuia. Na bomba lisisimamishwe mahali ambapo likianguka, upande wowote, linafika kwenye nyaya za stima.

JaRachuonyo
Ripoti. Nimebadilisha kebo, RG6 mita 14 kupitia dirisha la jikoni badala ya kuzunguka nyumba. Antena ileile, imeelekezwa Kisumu, nikaiinua mita moja zaidi ili iepuke ukingo wa mabati. Kisumu zote zimekaa. Kisii kwa mgongo: ubora sasa 55, haushuki mchana. Jioni mvua ikinyesha upande wa Kisii inakatika mara moja moja, mke ananitazama.

Nauliza: nijaribu ile ya Binti bila wavu, au niachie hapo?

Binti_Mosocho
Waya wa mita chache na kipande cha mbao, unauliza nini? Jaribu. Usiiteremshe Yagi, ifunge ya mbao chini yake, umbali wa mita moja kwenye bomba lilelile, uchomeke moja baada ya nyingine ulinganishe. Lakini angalia Kisumu kwanza, siyo Kisii. Kama Kisumu inashuka chini ya 60 kwa antena ya mbao, baki na Yagi.

Fundi_Kondele
Naunga mkono. Na ukibaki na Yagi, igeuze nyuzi (digrii) chache tu kutoka Kisumu, kushoto halafu kulia, ukitazama Kisii. Mgongo wa Yagi hauko sawa kote, una mabonde na vilima. Huenda nyuzi kumi zikaiweka Kisii kwenye kilima, na mbele hutaona tofauti yoyote.

Mulembe_Luanda
Mulembe wote. Samahani kuingilia, mimi niko Luanda, Vihiga. Majirani wangu wengine wameelekeza Kisumu, wengine Kakamega. Hiyo antena ya bila wavu itanifaa pia?

Mwalimu_Mstaafu
Hapana, kwako itakuwa mbaya kuliko uliyonayo. Kutoka Luanda, Kisumu iko kusini-mashariki na Kakamega kaskazini-mashariki, karibu pembe mraba. Antena ya namba 8 ikitazama Kakamega, Kisumu inaangukia ubavuni, mahali ambapo haisikii kitu. Wewe ndiye wa antena mbili na swichi. Ila anza na ile kazi ya Fundi hapo juu, uandike namba za chaneli pande zote mbili kwanza. Ukikuta furushi ni zilezile, chagua upande mmoja wenye ubora mzuri.

Mulembe_Luanda
Nashukuru. Naanza na kalamu na karatasi jioni hii.

JaRachuonyo
Mbao imekatwa. Nauliza mwisho, hizo V za Binti, vifundo vyake navichomelea kwa risasi au skrubu zinatosha?

Binti_Mosocho
Skrubu na washa, ukaze sana, halafu upake gundi ya silikoni juu. Kwaruza varnishi ya waya kwanza kama ni wa mota. Kama ni wa stima, menya plastiki yote pale unapokaza.